Kunyimwa si Kukosa: Kitabu cha Matthew Walker Mikononi mwa Mtu Asiyelala

Kama umepita chuo chochote ndani ya miaka hii ya karibuni, huenda umeshatumiwa PDF ya Why We Sleep kwenye grupu fulani, pamoja na ujumbe wa aina ya "soma hii, utaacha kukesha". Mwandishi wake, Matthew Walker, ni Mwingereza anayefundisha neurosayansi na saikolojia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kitabu kilitoka mwaka 2017. Mwaka 2019 akapanda jukwaa la TED na kutoa hotuba ambayo mpaka leo inakatwakatwa vipande na kurushwa kwenye simu za watu, mara nyingi usiku wa manane, ambao ndio muda mbaya kabisa wa kuisikiliza.

Tumpe haki yake kwanza. Walker anajua kueleza. Sura zake za mwanzo kuhusu jinsi usingizi unavyokuja ni za kufundishia kabisa: kuna saa ya ndani ya mwili inayofuata mwanga na giza, na kuna deni linalojikusanya kadiri unavyokaa macho, kwa sababu kemikali iitwayo adenosini inarundikana kwenye ubongo na kukuvuta kitandani. Wazo la mifumo hii miwili kufanya kazi pamoja ni la Alexander Borbély, aliyelichapisha mwaka 1982, na bado ndilo msingi wa fani nzima. Walker analieleza vizuri kuliko vitabu vingi vya darasani. Kahawa nayo anaieleza sawasawa: kafeini hailipi deni la usingizi, inaziba tu masikio yako usimsikie anayekudai.

Shida inaanza pale anapoacha kueleza na kuanza kutisha.

Tuanze na makosa yanayoweza kuhakikiwa, maana si siri tena. Novemba 2019 kijana mmoja anayeitwa Alexey Guzey, mtafiti wa kujitegemea asiyekuwa na cheo chochote kwenye fani ya usingizi, aliichambua sura ya kwanza na kuweka matokeo yake hadharani. Andrew Gelman, profesa wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliusoma uchambuzi huo na kuuandikia zaidi ya mara moja. Kitabu kilikuwa kimedai kwamba Shirika la Afya Duniani limetangaza janga la kukosa usingizi katika nchi zenye viwanda. Shirika hilo halikutangaza kitu kama hicho. Waliokuwa wametumia lugha ya namna hiyo ni CDC ya Marekani, na wao wenyewe baadaye wakashusha neno "janga" likawa "tatizo". Unaweza kusema hilo ni kuteleza kwa kalamu. Sawa.

Lakini kuna mchoro ambao siwezi kuuita kuteleza. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti juu ya wanamichezo vijana wa Marekani, uliouliza wanalala saa ngapi na kuangalia nani aliumia. Katika kitabu, Walker anauonyesha kwa nguzo zinazoshuka kama ngazi: wanaolala saa 6 wanaumia sana, wa saa 7 kidogo pungufu, wa saa 8 pungufu zaidi, wa saa 9 wako salama kuliko wote. Ngazi nzuri kabisa. Sasa fungua makala yenyewe. Kuna nguzo nyingine ya wanaolala saa 5, na hiyo ni fupi kuliko ya saa 6! Yaani wanaolala pungufu zaidi waliumia kidogo kuliko wa saa 6. Nguzo hiyo kitabuni haipo. Huenda ilikuwa na watu wachache mno kiasi cha kutoaminika. Kama ni hivyo, mwandishi anaiacha na kueleza kwa nini haiamini. Kuiondoa kimyakimya ni jambo ambalo msimamizi wako wa tasnifu angekurudishia kazi siku hiyohiyo.

Kwenye ile hotuba ya TED kuna mfano mwingine unaopendwa sana. Walker anasema kwamba nchi zinazosogeza saa mbele majira ya kuchipua, watu wakipoteza saa moja ya usingizi, mshtuko wa moyo unaongezeka kwa asilimia 24 siku inayofuata. Takwimu hiyo ipo, inatoka katika hospitali za jimbo la Michigan, na ilichapishwa mwaka 2014. Ila waandishi wa utafiti huo walisema jambo la pili, palepale kwenye muhtasari: jumla ya walioshikwa na moyo katika wiki nzima haikubadilika. Maana yake rahisi ni kwamba Jumatatu ilibeba wagonjwa ambao wangekuja Jumanne au Alhamisi. Kusogea kwa saa kuliwahisha waliokuwa tayari kwenye hatari, hakukutengeneza wagonjwa wapya. Hilo lenyewe linavutia kisayansi. Lakini halitishi, kwa hiyo halikupanda jukwaani. (Sisi huku ambako saa haibadilishwi tangu Januari hadi Desemba tungeweza kucheka na kupita, kama mfano huo usingekuwa unanukuliwa na kila mtoa ushauri wa afya wa mtandaoni.)

Halafu kuna saratani. Mapema kabisa, ukurasa wa kwanza, msomaji anaambiwa kwamba kulala chini ya saa 6 au 7 kwa mazoea kunaongeza hatari ya saratani zaidi ya mara mbili. Ushahidi uliopo haubebi kauli nzito kiasi hicho. Na tukitaka namba kubwa zipo: mwaka 2002 Daniel Kripke na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya milioni moja wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 6. Walioishi zaidi walikuwa wale waliosema wanalala saa 7. Vifo viliongezeka kwa waliolala pungufu ya hapo, na viliongezeka pia kwa waliolala saa 8 na zaidi. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba usingizi ndio uliosababisha. Anayelala saa 10 huenda tayari anaumwa kitu. Lakini shika jambo moja kutoka humo, maana tutalirudia: waliosema wanasumbuliwa na kukosa usingizi, hilo peke yake halikuhusishwa na vifo zaidi.

Sasa, makosa ya takwimu hurekebishwa kwenye toleo linalofuata. Kilichonifanya niandike ni kosa ambalo halirekebishiki kwa kubadilisha namba, kwa sababu limo katika mfumo mzima wa hoja. Na Kiswahili kinalionyesha vizuri kuliko Kiingereza alichoandikia Walker.

Kuna kunyimwa usingizi, na kuna kukosa usingizi. Anayenyimwa ni mlinzi wa zamu ya usiku, nesi wa wodi ya wazazi, mwanafunzi mwenye mtihani kesho, mama mwenye kichanga, dereva wa basi la mikoani, mtu wa Mbagala anayeamka saa kumi alfajiri ili apate daladala kabla ya foleni. Mpe kitanda na kimya, analala kabla hujafunga mlango. Anayekosa usingizi ana kitanda, ana kimya, ana saa 9 za kulala kama anataka, na halali. Au anapata usingizi wa mang'amung'amu, anashtuka saa nane, anahesabu mabati mpaka adhana. Kitaalamu tunasema tatizo ni sugu likitokea angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3 au zaidi, ilhali nafasi ya kulala ipo.

Karibu ushahidi wote mkali uliomo ndani ya Why We Sleep unatoka kwa kundi la kwanza. Panya wa maabara waliozuiwa kulala mpaka wakafa. Vijana waliolipwa kukaa macho. Na kwenye maabara huko ushahidi ni mzito kweli: mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake waliwaweka watu wazima 48 chini ya uangalizi, wengine wakaruhusiwa saa 6 tu kitandani kwa siku 14 mfululizo. Mwisho wa wiki mbili umakini wao ulikuwa umeshuka hadi kulingana na wa watu waliokesha usiku mzima au hata mbili, na wenyewe hawakujua, walidhani wamezoea. Kama wewe ni wa kundi la kwanza, hasa kama unaendesha chombo cha moto, utafiti huo unakuhusu na Walker ana haki ya kukupigia kelele.

Ila anayesoma kitabu cha kurasa zaidi ya 300 kuhusu usingizi ni nani? Mara nyingi ni wa kundi la pili! Ni mtu amechoka, amejaribu maziwa ya moto, amejaribu Piritoni ya kubabaisha (dawa ya mafua na mzio, ambayo watu wengi wanaimeza wakitafuta lepe la usingizi na kuamka na kichwa kizito), sasa anatafuta msaada. Anaambiwa nini? Kwamba kila usiku unaompita anapunguza umri, anakaribisha saratani, kisukari na kusahau. Katika sura ya 12, iliyohusu matatizo ya usingizi, anakutana na ugonjwa wa kurithi ambao mgonjwa hupoteza usingizi na kufa ndani ya miezi. Ugonjwa huo upo kweli. Husababishwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya, inayotafuna thalamasi na sehemu nyingine za ubongo. Ni nadra kupita kiasi. Na mgonjwa anakufa kwa sababu ubongo unaharibika. Kuutumia kama ushahidi kwamba kukosa usingizi kunaua ni sawa na kusema kwamba kukohoa ndiko kunakoua wagonjwa wa kifua kikuu. Lakini nani anayepima hoja hiyo saa tisa usiku, macho makavu, simu mkononi?

Hapa ndipo kitabu kinapogongana na sayansi ya fani yake chenyewe. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake walipendekeza kwamba kukosa usingizi kuna mambo matatu: yanayokuweka kwenye hatari, yanayowasha moto, na yanayouendeleza. Kinachowasha kinaweza kuwa msiba, mtihani, kufukuzwa kazi. Msiba unapita, mtihani unapita, lakini usingizi haurudi. Kwa nini? Kwa sababu wakati ule ulianza kulala mapema "ili kufidia", kusinzia mchana, kukaa kitandani macho ukijilazimisha, kuangalia saa, kuiogopa kesho. Hayo ndiyo yanayouendeleza moto. Usingizi una kiburi cha paka: ukimwita anaondoka. Na katika yote yanayoufukuza, hofu ya kutolala iko mstari wa mbele. Basi kitabu kinachoongeza hofu hiyo kwa mtu wa kundi la pili kinatia kuni kwenye moto uleule kinachotaka kuuzima.

Saa janja zimeongeza jambo hili. Mwaka 2017, mwaka uleule wa kitabu, kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na Kelly Baron lilibuni neno othosomnia kwa wagonjwa waliokuja kliniki wakiwa wamechoshwa na kukimbiza alama nzuri za usingizi kwenye vifaa vyao. Na mwaka 2014 Christina Draganich na Kristi Erdal walifanya jaribio la kuchekesha kidogo: waliwaambia washiriki, kwa namba za uongo, kwamba jana walilala vizuri au vibaya. Walioambiwa wamelala vibaya walifanya vibaya kwenye baadhi ya majaribio ya akili, bila kujali walivyolala kweli. Jaribio lilikuwa dogo na sitalibebesha mzigo mkubwa. Lakini linaonyesha mlango.

Na wapi tunapata hiyo saa 8 ya lazima? Taasisi ya usingizi ya Marekani, NSF, ilipendekeza mwaka 2015 saa 7 hadi 9 kwa watu wazima, na hata hapo ikaacha nafasi kwa wanaotofautiana. Sisi tuna mfano karibu zaidi. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao waliwavisha vipimo vya mkononi watu wazima 94 wa jamii tatu zisizotumia umeme: Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walitarajia, kama wengi wetu tungetarajia, kwamba bila taa na simu watu watalala muda mrefu. Usingizi wenyewe ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1. Hawakulala jua linapozama. Walikaa wastani wa saa 3 na zaidi baada ya magharibi. Na kukosa usingizi kwa muda mrefu kulikuwa kwa nadra sana, kiasi kwamba Wasan na Watsimane hawakuwa na neno la kulitaja tatizo hilo.

Miaka miwili baadaye David Samson na wenzake walirudi kwa Wahadza 33, usiku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima kulikuwa na mtu macho, anajigeuza, anasikiliza. Tafsiri ya watafiti ni kwamba kuamka usiku kulikuwa ulinzi wa kambi, na kwamba wazee wanaolala mapema na vijana wanaochelewa wanapeana zamu bila kupangiana. Unaweza kuibishia tafsiri hiyo. Mimi naona inawezekana lakini ni vigumu kuithibitisha. Kisichobishika ni kwamba watu wenye afya, wasio na Netflix wala deni la mkopo wa simu, wanashtuka usiku na hawaendi hospitali kwa sababu hiyo. Bibi anayeamka saa tisa, anakaa ukingoni mwa kitanda, anasali kidogo na kurudi kulala hana ugonjwa. Anakuwa nao mjukuu wake akimwambia kwamba anajipunguzia maisha.

Ushauri wa kitabu nao una makazi yake. Chumba kiwe na nyuzi 18 hivi. Jamani, Dar ya Januari, usiku? Vyumba viwili, watu sita, neti, feni moja, na baa ng'ambo ya barabara ambayo inafunga inapojisikia. Sisemi ushauri ni wa uongo; joto la mwili linapaswa kushuka ili usingizi uje, na kuoga kabla ya kulala kunasaidia katika hilo hata bila kiyoyozi. Nasema kwamba ukimpa mtu orodha ya masharti asiyoyaweza na orodha ya magonjwa yatakayompata asipoyatimiza, umemwongezea la kuwaza tu. Isitoshe, mwaka 2021 wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani, AASM, walishauri wazi kwamba kanuni za usafi wa usingizi (chumba cha giza, hakuna kahawa jioni, hakuna simu) zisitumike peke yake kama tiba ya kukosa usingizi sugu. Ni zile zile zinazojaza kila gazeti na kila kipindi cha redio cha asubuhi.

Tiba yenyewe ipo, na Walker anaitaja, tena kwa sifa, lakini inabidi ufike sura ya 14. Inaitwa CBT-I, tiba ya kisaikolojia kwa ajili ya kukosa usingizi, na mwaka 2016 chuo cha madaktari wa Marekani, ACP, kiliipendekeza iwe ya kwanza kabla ya vidonge. Kiini chake kinashangaza: unapunguziwa muda wa kukaa kitandani. Ukilala saa 5 na nusu ndani ya saa 9 unazojilaza, unapewa saa 5 na nusu au 6 tu za kitanda, saa ya kuamka haibadiliki hata Jumapili, hakuna kusinzia mchana. Usipolala unatoka kitandani mpaka usingizi ukuite, ushauri alioutoa Richard Bootzin tangu 1972. Deni la adenosini linakua, usingizi unaanza kuja mara unapojilaza na haukatiki, na kila wiki unaongezewa dakika kama 15 au 20. Wiki za mwanzo ni ngumu. Mwenye kifafa, mwenye bipola, anayeendesha gari au mashine asijaribu bila mtaalamu.

Sasa mchukue mtu aliyeamini kwamba usiku wa saa 6 unamkaribishia kaburi. Mwambie, "Tutakulaza saa 5 na nusu kwa wiki mbili." Atakubali? Hili ndilo linalonikera katika kitabu hiki kuliko ile nguzo iliyopotea. Kinamtayarisha mgonjwa kuikataa tiba inayoweza kumsaidia.

Wengine watasema tiba ya kisaikolojia si ya nchi zetu. Ndiyo maana nilifurahia jaribio la HABIT, lililochapishwa mwaka 2023 katika The Lancet na Simon Kyle na wenzake. Walichukua watu wazima 642 wa Uingereza, nusu wakapata kijitabu cha usafi wa usingizi tu, nusu wakapata kijitabu hicho pamoja na vikao vinne vifupi vya kupunguza muda wa kitanda. Waliotoa vikao hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa manesi wa kliniki za kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Baada ya miezi 6 kundi la manesi lilikuwa na nafuu kubwa kuliko jingine. Manesi tunao. Ingependeza mtu katika chuo kimoja cha afya hapa alichukue hilo kama mada ya uzamili, kuliko kupima tena idadi ya wanafunzi wanaolala vibaya wakati wa mitihani.

Neno kwa upande wa pili pia. Umaarufu wa Guzey umezaa wafuasi wanaodai usingizi ni uzushi, na yeye mwenyewe aliwahi kulala saa 4 kwa siku 14 na kutangaza kwamba majaribio yake ya akili hayakushuka. Mtu mmoja, anayejipima mwenyewe, anayejua anatafuta nini. Vigezo vilevile tulivyomtumia Walker vinamkamata na yeye. Van Dongen alikuwa na watu 48 na maabara.

Kwa hiyo, ukiwa na PDF hiyo: kama unajinyima usingizi, soma sura za mwanzo kisha lala. Kama unaukosa, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya CBT-I katika sura ya 14, na uache sura ya 12 kabisa. Na kama unakoroma kwa nguvu, mwenzako anasema pumzi zinakatika usiku, au mchana unasinzia hata ukiongea na watu, weka kitabu chini uende hospitali. Hilo huenda ni tatizo la kupumua, na lina vipimo na tiba zake.